Mkono wa Kutunzia

Jumamosi
Tangu mwanangu aende Maskati kutafuta maisha, sijatia mguu kwenye taarab. Miezi mitano sasa. Yeye ndiye aliyekuwa akisukuma kiti changu. Leo nimekaa barazani na watu watatu wanaoitaka kazi hiyo.

Wa kwanza ni mpwa wangu. Ana nguvu, na hataki malipo. Lakini chooni kwa wanawake haingii. Tena anayekusaidia bure ndiye anayeamua saa ya kurudi nyumbani, na mimi nimechoka kuondoka ukumbini kabla mwimbaji mkubwa hajapanda. Wa pili ni mama mtu mzima aliyewahi kuuguza wagonjwa. Aliniambia "pole" mara saba kabla chai haijapoa. Siumwi. Miguu yangu haijanibeba tangu utotoni, basi.

Wa tatu ni binti wa mtaa wa pili. Alikizunguka kiti, akauliza: "Shangazi, kinakunjwaje?" Taarab hajawahi kuhudhuria, yeye ni wa singeli. Nimemchukua huyo. Tumekubaliana shilingi 15,000 kwa usiku mmoja.

Jumapili
Mazoezi. Nimemweleza kwamba kwenye kidato kiti hushushwa kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia, na msukumaji anakuwa chini yangu. Alisema ameelewa. Akakishusha kwa mbele. Nimetua magoti ndani ya tenga la muuza mchicha. Sikuumia. Nimelipia mafungu matano, tukayapika kwa nazi jioni.

Mara ya pili alikishusha sawasawa. Mara ya sita nilikuwa nimeshaacha kushika mikono ya kiti.

Jumatano
Nilipiga simu ukumbini kuuliza kama kuna ngazi. Nikajibiwa: "Hakuna ngazi, bibi. Kuna vidato vitatu tu." Nikaamua twende tukaone wenyewe, na tepu ya fundi cherehani mkononi. Vidato ni vinne. Kiti changu kina upana wa sentimita 64. Mlango wa choo una sentimita 60. Tumepima mara mbili, haukuongezeka.

Mkabala na ukumbi anakaa mama mmoja mwenye choo kipana cha uani. Msaidizi wangu alikwenda kubisha hodi, na mama yule akakubali tukiingie usiku wa shughuli. Sikuwa nimemtuma. Kwa hilo nimemshukuru, maana wengi hufikiria mlango wa kuingilia tu.

Ijumaa
Nimeacha kunywa maji tangu alasiri. Bajaji ilifika saa mbili usiku. Kiti kilikunjwa, vibao vya miguu vikachomolewa. Tulipofika, kibao kimoja kilikuwa kimebaki nyumbani. Mguu wa kulia nimeuweka juu ya kreti ya soda usiku mzima.

Mlangoni tulilipa tiketi mbili. Nimewahi kusoma kwamba Uingereza kumbi nyingi humwingiza msaidizi bila tiketi ya pili, kwa sababu yeye hakuja kustarehe, amekuja kazini. Nilimweleza hivyo bwana wa mlangoni. Hakunijibu mimi; alimwuliza binti: "Huyu atakaa wapi?" Binti akajibu: "Pale ukutani." Mimi sikutaka ukutani. Nikakaa ukutani, karibu na spika, na watu waliposimama kucheza nikaona migongo.

Hata hivyo fidla na ganuni zilipoanza nilisahau ukuta. Bibi yangu alinilea kwa habari za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Redioni nasikia taarab kila wiki, ila redio haipokei tunzo. Ukumbini mtu hunyanyuka na noti yake, akaenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, na kila aliyepo akaelewa ubeti ule umemgusa nani au unapelekwa kwa nani. Ndiyo maana sikubali kuambiwa nikae nyumbani nisikilize. Aliye nyumbani hana pa kujibia.

Nilimpa binti shilingi 5,000 anitunzie. Nilikusudia asubiri ubeti wa mapenzi ya mama na mwana, nimkumbuke mwanangu. Hilo sikumwambia. Alikwenda papo hapo, mbio, na ubeti uliokuwa ukiimbwa ulimsema jirani mdaku. Akarudi huku akimchekea kwa adabu jirani yangu wa mlango wa pili, aliyekaa safu ya tatu. Jirani alijifunga kanga kiunoni, akaenda kutunza 10,000 kwenye ubeti uliofuata, uso wake ukiwa kwangu.

Jumamosi
Nimemwamkia jirani. Hakuitika.

Mchana nimekaa na binti tukazungumza kwa kituo. Nimemwambia: ukiulizwa jambo linalonihusu, usijibu, nigeukie mimi. Na kutunza, usinitunzie tena. Nisogeze hadi jukwaani, noti niitoe kwa mkono wangu. Kosa la jana ni langu, nilimpa pesa bila neno.

Naye alikuwa na yake. Tangu adhuhuri ya jana hakuwa amekula, na mgongo unamuuma kwa vidato vinne kwenda na kurudi. Sikuwa nimeliwaza hata moja kati ya hayo. Sasa atakula kwangu kabla hatujatoka, atapumzika wakati wa muziki mtupu, na malipo ni 20,000. Vidato tutaomba kijana wa pili wa kushika mbele. Mpwa wangu amekubali, na safari hii analipwa.

Jumatatu
Tumekwenda kwa jirani na sahani ya vitumbua. Alikaa kimya kidogo, kisha akamwuliza binti: "Shangazi yako ana kinyongo gani na mimi?" Binti hakujibu. Alinigeukia, akasubiri. Jirani akawa hana la kufanya ila kunitazama usoni na kuniuliza mwenyewe. Nikamweleza yote, kuanzia noti hadi ubeti. Vitumbua vimeisha. Ubeti ule wa 10,000, amesema, ulikuwa wangu kweli, lakini sasa umefutika.

Alhamisi
Ukumbi ule ule, shughuli ya harusi. Vibao vya miguu vyote viwili vilikuwepo. Pampu ndiyo tuliyoisahau, na gurudumu la kushoto likalegea njiani. Tulisimama kwa fundi baiskeli karibu robo saa.

Mlangoni bwana yule yule alimwuliza binti: "Kadi yake iko wapi?" Binti alinitazama. Watu nyuma yetu walisubiri. Mwisho bwana akainama kidogo, akasema: "Shikamoo, bibi. Naomba kadi yako." Nikampa, nikamwonyesha na mahali ninapotaka kukaa: safu ya mbele, pembeni mwa njia.

Ubeti wa mama na mwana ulipofika niligonga mkono wa kiti mara mbili. Binti akanisogeza. Wanawake watatu waliokuwa wakicheza walitupisha, mmoja wao akiwa jirani yangu. Mwimbaji aliinama na maikrofoni yake mpaka usawa wangu, nikamtia noti mkononi.

Saa tano usiku tulivuka barabara kwenda kwa yule mama wa mkabala. Alikuwa amelala. Tumemwamsha.

Ijumaa
Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 19 inataja msaidizi binafsi, na Ibara ya 30 inazungumzia haki ya kushiriki utamaduni. Leo asubuhi nimeziandika zote mbili katika barua kwa wenye ukumbi, pamoja na vipimo vya mlango wa choo. Nimewaomba sentimita 80, na ubao wa mteremko penye vidato. Kesho saa tatu tunaipeleka, mimi na msaidizi wangu.