Jogoo wa Mnada

Mama alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba chumba changu kipo vilevile nilivyokiacha. Sikumhoji. Ukiambiwa hivyo na mama yako huku umesimama kwenye foleni ya tiketi pale Mbezi, katikati ya Desemba, jasho limeshafika kwenye soksi, huhoji, unashukuru. Nilijiona tayari niko Marangu kwenye ubaridi wa mlima, chini ya blanketi zito, nimelala mpaka saa nne asubuhi kama mtu aliyefanya kazi mwaka mzima.

Na kweli chumba kilikuwepo. Kitanda cha futi tatu kilikuwepo. Ila kati ya kitanda na dirisha yalikuwa yamesimama magunia sita ya mahindi ya shamba la tambarare, na chini ya kitanda, ndani ya karai lililotandikwa majani makavu ya mgomba, kuku wa kahawia alikuwa anaatamia. Alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji mwenye deni la miezi minne.

"Huyo usimsumbue," Mama akasema, akiliweka begi langu juu ya gunia. "Ana mayai kumi na moja. Zimebaki siku tisa."

Nikauliza kwa adabu kwa nini asiatamie kwingine.

"Kwingine wapi? Chumba chako ndicho kina utulivu."

Hapo nilikuwa nimeshatumia siku nzima barabarani. Wanaotutania husema kwamba ikifika Krismasi, Dar es Salaam hubaki na Wazaramo na taa za barabarani, na ukiiona njia ya Chalinze hadi Segera wiki ile huna hoja ya kujitetea. Treni ya abiria ya kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kulala miaka mingi, lakini watu wa kwetu walivyo wengi, ungeweza kuongeza na meli na bado wengine wangebaki. Himo nilishuka saa kumi na moja jioni, nikabanwa ndani ya Noah na watu kumi na mmoja, gunia la vitunguu, na keki ya mtu iliyokuwa ikipitishwa juu ya vichwa kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umenenepa. Unaondoka lini?"

Mgeni wa mila zetu angedhani ninafukuzwa. Hapana. Baba alikuwa anapiga hesabu. Niliposema tarehe 2 Januari, akavaa miwani, akatoa kaunta buku ya kwaya mbili kutoka nyuma ya redio, akahesabu siku kwa vidole, akatikisa kichwa. Hazitoshi.

Baba amesimama ubaoni shule za msingi kwa miaka 36. Alistaafu kazi, kalamu nyekundu haikustaafu. Kwenye jalada la daftari lile ameandika kwa herufi kubwa KAZI ZA KUMNGOJA MTOTO, na ndani zimepangwa kwa namba, kila moja na tarehe ilipoanza kunisubiri. Ya kwanza ilikuwa mfereji wa bati unaovuja tangu Februari. Ya nne: "Simu ya mama yako inaongea yenyewe usiku." Ya tisa iliandikwa "Kushauriana kuhusu mparachichi," nikaipenda, nikajua hatimaye naombwa ushauri kama mtu mzima wa miaka 42. Kumbe kushauriana maana yake ni kuukata.

Mtu atauliza kwa nini daftari lote liangukie mgongo wangu wakati tumezaliwa watatu wa kiume. Kwa mila ya kwetu wa kwanza hupewa kihamba chake, yaani shamba la migomba, na nyumba ya baba humwendea wa mwisho. Sisi wa kati tulipewa elimu na nauli. Kaka yuko Mwanza na kila mwaka atakuja Pasaka. Mdogo wangu ndiye mrithi wa nyumba, na kwa kuwa anajua bati litakuwa lake siku moja, haoni haraka ya kulipanda leo. Nabaki mimi, nisiye na urithi hata wa mgomba mmoja, nikiwa juu ya ngazi na misumari mdomoni.

Sasa kuhusu jogoo.

Yule kuku wa chini ya kitanda alikuwa na mume. Jogoo mwekundu, mkia wa kijani, shingo kama ya diwani. Usiku wa kwanza, saa kumi kamili ya alfajiri, alikuja mpaka chini ya dirisha langu akawika mara tano. Hakuwika hovyo hovyo kama majogoo wengine wanaosalimia jua. Huyu aliwika kwa swali, akanyamaza kidogo asikilize, akauliza tena. Nilipokohoa, akawika kwa hasira. Ndipo nikaelewa. Mkewe amelala humu ndani siku kumi na mbili, na leo anasikia sauti ya mwanaume.

Nilijaribu kila kitu. Niliziba dirisha kwa gunia. Nilimpelekea mahindi usiku ili ashibe achelewe kuamka. Alikula, akawika kwa nguvu zaidi. Asubuhi ya tatu nilitoka na kandambili mkononi, nikamrushia, kandambili ikaingia kwenye banda la ng'ombe na ng'ombe akaikanyaga pale ambapo huwezi tena kuitaka. Baba alikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. "Vizuri umeamka," akasema. "Leo ni zamu yetu ya maji."

Kwa asiyeijua mifongo: ni mifereji iliyochimbwa kwa mikono, inachota maji ya mto huko juu na kuyatembeza kwenye vihamba, kontua kwa kontua, kwa ustadi ambao wazee walikuwa nao kabla Mjerumani hajakanyaga mlimani. Maji yana zamu, na zamu haina huruma: ikikupita, migomba yako isubiri. Kuyafungulia shambani unaondoa gogo la mgomba na matope yaliyoziba mdomo, na ukitosheka unaziba tena. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Mimi nilipokuwa darasa la tatu niliweza.

Nikavaa mabuti ya mvua ya Baba, yanayonibana vidole, nikapanda juu na jembe. Nikaondoa gogo. Maji yakaingia kwenye migomba kwa sauti nzuri sana. Kosa langu lilikuwa kukaa chini. Nilikaa kwenye shina la mgomba uliokatwa, Kibo ikiwa imejifunua yote asubuhi ile, nyeupe kileleni, na Mawenzi pembeni na meno yake. Bibi alikuwa akitueleza kwamba Mawenzi alikuwa akienda kila mara kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akampiga na kumharibu vile. Nikiwa nawaza kwamba Kibo alikuwa na hoja, usingizi wa alfajiri tatu ukanikamata.

Niliamshwa na kelele za watu. Maji yalikuwa yameishibisha migomba, yakatafuta njia, yakaipata ndani ya banda la ng'ombe, yakabeba samadi ya wiki nzima, yakateremka nayo taratibu mpaka uani. Uani, dakika chache kabla, mtoto wa baba mdogo alikuwa amewasili kutoka Arusha na familia yake. Gari jeupe. Viatu vyeupe. Alikuwa amesimama katikati ya kitu ambacho sitakitaja, amenyanyua mguu mmoja kama korongo, hajui aushushe wapi.

Mama alisema pole. Mke wa ndugu yangu alisema hakuna shida, kwa sauti ya mtu mwenye shida. Ndugu yangu hakusema kitu. Aliniangalia tu, akatabasamu. Tabasamu lile ningelipa uzito wake siku ile ile, yaliyonipata baadaye yasingenipata.

Jioni nilichungulia kaunta buku. Namba 14, mfongo: 3/10. "Maji yalifika. Mwanafunzi hakufika. Arudie."

Siku zilizofuata zilikwenda haraka, na nyingi sina cha kusimulia isipokuwa chakula. Mtori asubuhi, machalari mchana, usiku kiburu, na katikati Mama anakuuliza kwa nini huli. Nilitengeneza simu yake: alikuwa ameweka kengele ya kumkumbusha dawa, yenye sauti ya mtu anayeongea. Namba nne nilipata 10/10, ndiyo alama yangu ya juu mpaka leo.

Mkesha wa Krismasi nikamsikia Mama jikoni akimwambia jirani, "Na jogoo naye nampeleka kanisani kesho." Nililala na furaha ambayo mtu mzima hapaswi kuwa nayo juu ya kuku. Saa kumi alipowika nilimwitikia kwa sauti: wika, baba, wika leo.

Baada ya ibada ya pili watu wakabaki nje kwa mnada, kama kawaida ya usharika wetu. Mikungu ya ndizi, mayai, maparachichi, mbuzi mmoja, na jogoo wetu amefungwa miguu, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mzee wa kanisa anayenadi ana kipaji ambacho kingemtajirisha Kariakoo. Alianza na tetea wa jirani yetu, tetea mwembamba ambaye ungemtundika kwenye kamba ya nguo asingeivuta chini, akaenda kwa elfu arobaini, kwa sababu mtoto wa jirani amekuja likizo na alitaka aonekane.

Akanyanyuliwa jogoo wa Mama. Elfu kumi. Kumi na tano. Mwenye bucha akasema kumi na nane. Kimya.

"Elfu kumi na nane mara ya kwanza!"

Nilikuwa namwombea mwenye bucha maisha marefu. Kisha nikageuka, nikamwona Mama. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia mbele, ameikaza khanga yake, na jirani wa tetea wa elfu arobaini amesimama pembeni yake, anamfariji. Mkono begani kabisa.

"Ishirini na tano," nikasema.

"Thelathini," ikasema sauti nyuma yangu. Ndugu yangu wa Arusha. Viatu vipya.

Nikasema thelathini na tano. Akasema arobaini na tano, tabasamu lile lile. Watu wakaanza kupiga vigelegele. Mzee wa kanisa akaacha hata kutaja mara ya kwanza na ya pili, akawa anatunyooshea jogoo mmoja mmoja kama anachagua nani ambusu. Kufikia elfu sabini nilijua kwamba ndugu yangu hamtaki jogoo hata kidogo, na yeye alijua kwamba ninajua. Kwa elfu themanini na tano alikaa chini na kunipigia makofi.

Niliwahi kufikiri haraka. Kuna utaratibu mzuri kwamba aliyenunua anaweza kurudisha kitu mnadani, kinadiwe tena, Mungu apate mara mbili. Nikanyoosha mkono. Mama akanivuta shati.

"Ukimrudisha sasa atatoka kwa elfu kumi na tano," akanong'ona. "Mbele ya yule?"

Tukarudi naye nyumbani, nimempakata mimi. Njiani nikajipa moyo: ni Krismasi, ni jogoo, na sufuria zipo. Nilipolisema hilo, Mama alisimama katikati ya njia.

"Mke wake anaatamia, unataka watoto wazaliwe yatima? Na chini ya kitanda chako mwenyewe?"

Kwa hiyo nililipa shilingi elfu themanini na tano, na kesho yake saa kumi alfajiri akaniamsha. Tarehe 29 vifaranga tisa walitoka. Mama yao akawahamishia kwenye begi langu lililokuwa wazi, juu ya mashati, na kwa kuwa hawasumbuliwi, siku zilizobaki nilivaa jezi ya zamani ya shule ya sekondari niliyoitoa kwenye kabati la Mama. Inafika juu kidogo ya kitovu. Watu walionikuta barabarani waliniuliza nimekuja lini na ninaondoka lini.

Tarehe 2 nikapanda basi Himo na mkungu wa mshare, maparachichi ya ule mparachichi uliokatwa, na lita tatu za maziwa zilizofunguka kabla hatujafika Same. Jogoo alibaki. Niliona sasa yamekwisha.

Mwezi wa pili, Jumamosi moja, simu ikaita gizani. Nikaitazama saa: kumi na dakika mbili. Moyo ukaruka, maana simu ya saa zile kutoka nyumbani huwa haina jema.

"Mama! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Nimeamka kukamua, nikasema nikujulie hali. Umemsikia?"

Nilikuwa nimemsikia. Alikuwa karibu na simu kuliko yeye.

"Jogoo wako huyo. Amependeza kweli. Subiri, baba yako ana neno."

Kukawa na mchakato wa kutafuta miwani, kurasa zikafunuliwa.

"Naona hapa," Baba akasema, "pumba za jogoo, Januari na Februari, bado hujalipa."