Tuma kwa Mmoja, Wasome Themanini na Nne

Kamati ya harusi ya siku hizi katika kisiwa cha Mafia hukutana kwenye simu. Mwenyekiti yuko Kilindoni, mweka hazina yuko Utende, wajomba wako Jibondo, na wanaotegemewa kuchanga zaidi wako Mbagala, yanakoanzia magari ya kwenda kivukoni Nyamisati pamoja na visingizio vya kuyakosa. Humo ndimo inamotokea ajali ambayo kila kamati ina yake. Mwanakamati anamwandikia mweka hazina faraghani kwamba mchango wake usisomwe kikaoni, kwa sababu haupo. Anabonyeza, na wanasoma watu 84, bibi harusi akiwemo. Anafuta haraka, na pale ulipokuwa ujumbe panabaki taarifa kwamba ujumbe umefutwa. WhatsApp ilileta uwezo huo wa kufuta mwaka 2017, na kama ni msaada sijui: zamani mashahidi wa aibu walikuwa waliosoma tu, sasa wameongezeka na wasiosoma, ambao ndio wenye maswali mengi.

Hukumu ya kamati huwa nyepesi: mtu huyo hayuko makini. Mimi namtetea. Mwenye kosa ni programu, au tuseme mpangilio ambao karibu programu zote za kuchati zimeurithi, ambamo kundi ndilo mwenyeji na faragha ni mgeni aliyefika usiku akatandikiwa ukumbini. Ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1988 Jarkko Oikarinen wa Ufini aliunda IRC, mfumo wa kuchati papo kwa papo uliofungulia njia mingine mingi. Amri yake ya kutuma ujumbe inaitwa PRIVMSG, jina linaloahidi siri, na amri hiyohiyo ndiyo inayopeleka maneno kwa mtu mmoja au kwa ukumbi mzima. Kinachotofautisha ni jina la mpokeaji linalofuata. Hata leo, kijana anayejifunza kuunda programu ya namna hii kwa zana iitwayo Socket.IO hufundishwa kwanza kupokea ujumbe na kuumwaga kwa kila aliyeunganishwa. Ni mistari michache, inafanya kazi, inafurahisha. Namna ya kumfikishia mtu mmoja ina somo lake la pembeni, na wengi hulifikia mazoea yameshakomaa.

Somo hilo nalo lina mitego. Tangu itifaki ya WebSocket ipitishwe rasmi mwaka 2011, kivinjari na seva huweza kubaki vimeunganishwa, kila upande ukisema bila kungoja kuulizwa. Seva humpa kila anayeingia kitambulisho, na mwanafunzi hudhani kitambulisho hicho ni cha mtu. Sicho, ni cha muunganisho. Mvuvi wa Jibondo akiwa baharini mtandao ukamtoka, kisha ukamrudia, kwa seva huyo ni mgeni kabisa, na ujumbe uliotumwa kwa kitambulisho cha asubuhi hauna wa kumpata. Mkewe anaona umetumwa. Yeye haoni kitu. Ugomvi unaofuata hauna mkosaji, jambo ambalo halijawahi kuzuia ugomvi. Dawa inajulikana: ujumbe uelekezwe kwa akaunti, uhifadhiwe kwenye kanzidata hadi mwenyewe atokee, kisha ufike kwenye kila simu na kila dirisha alilolifungua. Halafu kuna suala la chumba cha wawili, yaani nafasi ya mazungumzo yao ndani ya programu. Mwanafunzi akikipa jina kwa kumfuata aliyeanza kuita, basi Asha akimwita Juma kinazaliwa chumba cha Asha na Juma, Juma akimwita Asha kinazaliwa cha Juma na Asha, na wachumba wanakaa kila mmoja chumbani mwake akimlaumu mwenzake kwa ukimya. Kuyapanga majina kwa alfabeti kabla ya kufungua chumba kunaokoa uchumba huo kwa mstari mmoja.

Wapo watakaosema yote haya yameshatibiwa na usimbaji fiche, maana tangu Aprili 2016 WhatsApp husimba kila ujumbe, wakawa mtumaji na mpokeaji ndio pekee wanaoweza kuusoma. Ni jambo jema, kama ilivyo jema Tanzania kutunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini usimbaji humzuia mdukuzi wa njiani, na mdukuzi wa njiani hana haja na mchango wa harusi. Ujumbe wa mwanakamati wetu ulisafiri salama salimini, haukuguswa na yeyote, ukawafikia watu 84, ambao 83 kati yao haukuwahusu.

Pingamizi zito zaidi ni la wenyeji: kisiwa kidogo, siri ya nini? Aliyeshuka kwenye kivuko Kilindoni, Utende wanajua amebeba nini kabla hajapata usafiri. Hapa nakubali nusu. Pwani ina ustadi wake wa kumsema mtu mmoja mbele ya wote. Mwanamke ananunua kanga kwa sababu ya maneno yake, anajifunga, anapita mbele ya mlango fulani. Mtaa mzima unasoma, anaumia mmoja. Ila huo ni ushahidi wa upande wangu, kwa kuwa mvaa kanga amemchagua mlengwa wake, na hadhira pia ameichagua. Hakuna aliyejifunga maneno yale kwa kuteleza kidole. Kinyume chake ni ule ujumbe ambao karibu kila mwenye laini Tanzania ameshaupata, wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaojifanya mazungumzo ya watu wawili ilhali umemwagwa kwa umma. Tapeli naye anajua hasa anaandikia wangapi. Asiyejua ni mwanakamati peke yake.

Basi watu wasome juu ya skrini kabla ya kubonyeza, wanasema. Wasome nini? Jina la kundi na jina la mtu yameandikwa kwa herufi zilezile, mahali palepale, na mshale wa kutuma ni uleule. Programu inajua idadi ya wapokeaji kabla ya kutuma, na haina sababu ya kuificha. Mshale uandikwe "Tuma kwa mmoja" au "Tuma kwa 84", rangi zitofautiane, na njia ya kumjibu mtu faraghani, ambayo WhatsApp inayo ila imefichwa ndani ya menyu, itolewe nje ionekane. Wataalamu wa biashara watalalamika kwamba idadi ile itawatisha watu wasiandike kundini. Baadhi watatishika, na kamati zitavumilia. Wengine wataiona 84, watasita kidogo, kisha watamwongeza na shangazi wa Mbagala ili wafike 85.