Shukrani za Wenye Sukari wa Mbagala

Waheshimiwa Watunga Sera ya Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: SHUKRANI KWA KUTIBIWA SUKARI BURE

Mada tajwa hapo juu yahusika.

Sisi wenye sukari wa Mbagala, Temeke, tunawashukuru. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilitusamehe malipo: mwenye maradhi sugu atibiwe bure kwenye hospitali ya umma. Na kweli, dirishani hatudaiwi hata senti. Tunaambiwa tu dawa imekwisha, tukanunue duka la mkabala na geti, ambalo kwa rehema za Mungu halijawahi kuishiwa. Asiye na hela anapelekwa ustawi wa jamii, ustawi wanataka barua ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti yuko msibani. Tunaelewa. Umaskini usipogongwa muhuri, kila mtu atajifanya maskini.

Ushauri wa kliniki nao tunaupokea kwa mikono miwili. Tumeambiwa tupime sukari kila siku. Mashine ipo, mzee mmoja aliletewa na mwanawe, na inazunguka nyumba kwa nyumba. Stripu tunachangishana kopo moja, na anayejisikia nafuu anaruka zamu yake. Insulini tumeambiwa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Friji liko kwa muuza soda. Sisi tuna mtungi, kichupa kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, mchanga uliolowa maji chini. Unapooza kiasi chake, wala hauombi umeme wa LUKU.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Mtaani wapo wanaouita bado ugonjwa wa matajiri, na hawajakosea sana: kuugua inavyotakiwa kunahitaji utajiri.

Tena tumechangia sayansi. Mwaka 2005 madaktari wa Muhimbili waliandika katika jarida la kimataifa habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Mguu ukishakufa ganzi, panya anakula kwa raha zake na mwenye mguu hana habari, hadi asubuhi aone damu kwenye shuka. Kisha kidonda, kisha msumeno. Kliniki wanasema tukague nyayo kila usiku. Tunakagua, umeme ukiwepo.

Wenzetu wa Kinondoni tunawaonea wivu. Manispaa yao ina Masaki ya wenye nazo na ina Tandale ya wasio nazo, kwa hiyo ukipiga wastani kila mtu anatibiwa vizuri.

Wala msidhani hatuoni maendeleo. Mwaka 1897 Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, Mwafrika akaelekezwa ya Sewa Haji, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Mhindi. Ulikuwa ubaguzi wa kishamba: mtu alijua mlango wake kwa kutazama ngozi yake. Leo ngozi haiulizwi popote. Mapokezi wanauliza kadi ya bima tu. Kwamba wenye kadi nzuri wengi wanakaa kule kule Oysterbay walikopangiwa Wazungu, na wasio nayo huku Uswahilini, hilo tunaamini ni bahati nasibu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Bungeni Novemba 2023. Muuza mihogo wa kwetu Charambe, aliyebaki na mguu mmoja, anaiombea imfikie kabla kidonda cha huo wa pili hakijafika mfupani.

Mwisho, tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, mkituita kwenye matembezi tutakuja, wenye miguu mbele. Ombi letu ni moja: safari hii fulana na kofia ziacheni, hela yake mtununulie stripu. Ikishindikana, basi soksi nene, zile ambazo jino halipiti.

Wenu watiifu katika ujenzi wa Taifa,

Wenye Sukari,
Mbagala Charambe.

Nakala: Panya wote wa mtaa, kwa taarifa.