Enkoda Yenye Sauti Ndogo

Kiwanda kimoja cha samani pale Keko, Dar es Salaam, huniita mashine ikigoma, yaani baada ya kila mtu kuwa ameshaigusa. Safari hii walikuwa wamefunga enkoda mpya, kihesabu mizunguko ya mota, kwenye mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Mota inazunguka, mninga unalia, skrini inasoma sifuri.

“Fundi, umeme wa huku mdogo,” bosi alinipokea.

Kwa bahati mbaya, alikuwa amekaribia ukweli. Enkoda ilitoa volti 5, nao wakaichomeka kwenye mlango wa dijitali wa volti 24 wa kidhibiti cha mashine, ambao kwa kawaida hauitambui ishara mpaka ifike volti 15 hivi. Ndani ya mlango ule mna optokapla: taa ndogo upande huu, transista inayouona mwanga wake upande ule, na hakuna waya unaovuka. Ni mkwe na mama mkwe. Salamu zinafika, mikono haishikani. Utengano huo huuzwa ghali. Kijana msaidizi, mwenye bidii ya kutisha, alikuwa ameshaufuta kwa kipande cha waya, akiunganisha hasi za pande zote mbili “zisije zikagombana.”

Kabla sijamaliza kueleza, bosi alishatuma bodaboda Kariakoo kuleta kifaa cha kupandisha volti 5 ziwe 24. Kikafungwa. Kijana akazungusha ekseli kwa mkono, polepole, namba zikapanda. Shangwe! Soda zikaagizwa. Mota ilipowashwa, namba zikasita, zikaruka, zikaanza kurudi nyuma.

“Imelewa?” akauliza seremala.

Enkoda ile hutoa mapigo 1,000 kwa mzunguko. Mota ikienda mizunguko 1,500 kwa dakika, hayo ni mapigo 25,000 kila sekunde. Mlango wao, uliotengenezwa kwa ajili ya swichi, huchuja chochote kifupi kuliko milisekunde 1, hivyo mapigo 500 kwa sekunde ndiyo mwisho wake.

Ubavuni mwa kidhibiti nikaona kikofia cha plastiki. Chini yake: soketi ya enkoda yenyewe, ya RS-422, kwa mapigo ya kasi ya volti 5.

“Hicho hatukukitoa,” bosi akasema, “soketi isije ikachakaa.” Sofa za sebuleni kwake bado zina nailoni za dukani.

Nikachomeka ishara A na kinyume chake, ishara B na kinyume chake. Hesabu ikatulia hata mota ilipokimbia. Kilichobaki kikawa mzozo wa nani atakirudisha kile kifaa Kariakoo bila risiti. Soda zilikuwa zimeshanywewa, kwa hiyo zikakatwa kwenye ufundi wangu.