Barua ya Wazi kwa Mtoaji wa Majina ya Vyuo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Nairobi.

Nakuarifu ya kwamba sisi wakazi wa Tudor, Mombasa, hatuna ila shukrani, kwa kuwa wizara yako, iliyopita mikononi mwa mawaziri wengi, imetambua kuwa chuo hukua kwa kubadilishiwa kibao cha langoni, pasipo taabu ya kukiongezea karakana.

Chuo chetu, kama madaftari yako yashuhudiavyo, kilipata idhini ya kisheria mwaka 1948, kwa fedha za Aga Khan, za Sultani wa Zanzibar, za Mabohora na za serikali ya kikoloni, na Mei 1951 kikawapokea vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki waliokuja kujifunza ufundi. Wazee wa mji hata leo hukiita kwa jina lake la kwanza, Miome. Mwaka 1966 kilifungua milango kwa watu wa dini zote, kikawa Taasisi ya Ufundi, jambo la insafu ambalo silifanyii mzaha. Mwaka 1972 kikawa Politekniki. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya kile cha Jomo Kenyatta. Na Januari 2013 Rais Kibaki akakitunukia hati ya Chuo Kikuu cha Kiufundi. Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Nasi tulio na majina matano, bila shaka twaweza kukatiwa umeme wa karakana tusidhurike.

Sifa ya chuo hiki, Mheshimiwa, aliieneza fundi aliyeshuka chini ya sitaha huko Kilindini, mikono imejaa grisi, akaifungua injini iliyogoma na kuifunga tena bila kubakiza hata nati moja, wala nahodha hakumwuliza shahada. Lakini hekima yenu iliona politekniki za Nairobi na Mombasa hazina budi kuvishwa joho. Kisha, mafundi walipoadimika, ikavipandisha vyuo vingine kuwa politekniki, kimoja humu humu Mombasa, ili vifanye kazi ile ile iliyoachwa.

Ombi langu ni moja: kabla ya jina la sita, mtume karani akahesabu mashine zinazozunguka katika karakana, na hesabu hiyo isomwe siku ya mahafali, kabla ya orodha ya wahitimu.

Wasalaam,
Mkazi wa Tudor