Haina Vile, Papa

Jirani yangu hapa Kikula ni mbishi wa kuzaliwa. Si mgomvi, tuelewane. Mgomvi ukimpisha njia anapita. Mbishi ukimpisha anauliza nani kasema hii ni njia.

Juzi nilisema, basi tu kupoza bukari, kwamba mji wetu uliitwa Jadotville hadi 1966. “Haina vile, Papa,” akanirukia. Eti Likasi ni Likasi siku zote, Wabelgiji walibandika jina lao juu ya jina. Nikamwitikia: njo vile. Kumbe kukubaliwa kunamuudhi kuliko kupingwa! Palepale akageuka kuwa wakili wa Jadot. Nisimdharau mzee wa watu, injinia aliyesimamia reli ya kutoka Beijing hadi Hankou kule China. “Weye umejenga nini?” Nikamwambia nimejenga choo. Hata choo akanipokonya: aliyejenga ni fundi, miye nililipa tu. Tena sikumaliza.

Kwenye mpira ndiyo usiseme. Yeye ni wa Lupopo damudamu, Mazembe hataki hata kuitaja. Lakini kijana mmoja akathubutu kusema Mazembe ilifungwa 3-0 na Inter Milan kule Abu Dhabi, fainali ya klabu za dunia, Desemba 2010. Haina vile! Haikufungwa, ilikuwa ya pili duniani. Akamtetea Kidiaba golini kama mtoto wa dada yake, mpaka kijana akachoka akasema sawa, Mazembe ni kubwa. Hapo mzee akakumbuka kwamba yeye ni wa Lupopo.

Umeme nao ukikatika, sisi wengine tunalalamika kama watu wenye akili: bwawa la Mwadingusha liko hapo kwenye mto Lufira tangu 1930, na bado tunakula gizani. Yeye anabisha kwamba umeme upo, ampuli yangu ndiyo imekufa. Mtaa mzima ni giza, ampuli ni yangu!

Nikamwendea mkewe. “Mama, unamuweza vipi?” Akacheka, akasema yeye humuwahi. Basi jana mzee alipotokea, hata salamu sikungoja. “Haina vile, Papa!” nikamwambia.

“Njo vile!” akafoka, na tukabishana hadi saa nne usiku, bila yeyote kutaja jambo lenyewe ni lipi.