Jinsi ya Kumtetea Steringi wa Filamu Moja

Siku moja utakaa barazani, mazungumzo yatafika kwa James Bond, na mtu mmoja atatoa hukumu: "Yule Lazenby alikuwa gogo tu." Usimkatize. Agiza chai ya pili, kwa sababu kumtetea George Lazenby na filamu yake ya mwaka 1969, On Her Majesty's Secret Service, si kazi ya kikombe kimoja. Mimi nimeifanya vijiweni, kwenye daladala, hata harusini, na nimeona kinachosaidia na kinachoharibu. Fuata haya.

Anza kwa kukubali. Mbishi aliyejiandaa kwa vita akikubaliwa hukosa pa kushika. Kubali kwamba Lazenby hakuwa mwigizaji. Alizaliwa Goulburn, Australia, mwaka 1939, akawa fundi wa magari, akauza magari, kisha akahamia London akawa mwanamitindo, na Waingereza walimjua kwa tangazo la chokoleti. Kubali pia, kabla mwenzako hajakutangulia, kwamba kwa kipande kizuri cha katikati sauti unayoisikia si yake. Bond anapojifanya Sir Hilary Bray, mtaalamu wa nasaba na nembo za koo, anayezungumza ni George Baker, ambaye ndiye aliyeigiza Bray mwenyewe. Ukishayasema haya wewe, hana tena jiwe la kukurushia.

Halafu msimulie Lazenby alivyoipata nafasi. Alikwenda kwa kinyozi aliyekuwa akimnyoa Sean Connery. Akanunua suti ambayo fundi wa Connery alikuwa ameishona na mwenyewe hakuifuata. Akavaa saa ya Rolex, akaingia ofisini kwa watayarishaji, na alipoulizwa ameigiza wapi, akataja nchi za mbali na filamu zisizokuwepo. Baadaye uongo ulimkaa kooni, akamweleza ukweli mwongozaji, Peter Hunt. Hunt alicheka, akamwambia asithubutu kumwambia mtu mwingine. Kwenye majaribio ya kupigana, akamtoa damu puani jamaa aliyepangiwa kuchapana naye. Hapo mwulize mbishi wako swali moja tu: jasusi ni nani, kama si mtu anayeingia asipojulikana, amevaa nguo za mwingine, akatoka na alichokifuata? Huyu alikuwa ameshafanya kazi ya Bond kabla kamera haijawashwa.

Ataleta jina la Connery. Wote hulileta. Kosa kubwa la watetezi wa Lazenby ni kuanza kumsema vibaya Connery. Usifanye hivyo, si haki, na utapigwa. Connery alicheza filamu tano kati ya 1962 na 1967, na dunia nzima ilimjua Bond kwa sura hiyo moja. Leo tumeshazoea. Wamepita sita katika mfululizo rasmi, na kubadilishiwa Bond ni kama kuona timu imetoa jezi mpya. Mwaka 1969 haikuwa hivyo. Hakuna aliyejua kama mti ungesimama baada ya kung'olewa mzizi wake, na Lazenby ndiye aliyetangulizwa kukanyaga daraja kuona kama litabeba.

Filamu yenyewe ilijua hofu hiyo na haikuificha. Inaanza alfajiri katika ufuko wa Guincho, Ureno. Bond anamwokoa mwanamke anayetembea kuingia baharini, anapigana na watu wawili kwenye maji, na anapogeuka, mwanamke ameshawasha gari na kuondoka. Bond anabaki na viatu vya mwanamke huyo mkononi, anasema kuwa yule mwenzake haya hayakuwahi kumkuta. Watazamaji walimjua mwenzake ni nani. Baadaye kidogo anafungua droo za meza yake ofisini na kutoa vitu kimoja kimoja: kisu cha yule mwanamke wa Dr. No, saa yenye waya wa kunyongea, kifaa cha kupumulia majini, na kila kimoja kinakuja na muziki wa filamu yake. Ni kama mrithi anayefungua sanduku la marehemu mbele ya ukoo, ili wote waone hakuna kilichopotea.

Kwa msomaji wa Kiswahili ongeza Willy Gamba. Jasusi huyo wa Elvis Musiba, wa Kufa na Kupona na vitabu vilivyofuata, hatukumwona kwa macho. Kila mmoja wetu alimvika sura yake, mwingine akampa ya mjomba, mwingine ya mchezaji mpira, na hakuna aliyemlalamikia mwenzake. Bond naye alianza kitabuni, kwa Ian Fleming. Kitabu kilichotoa filamu hii kilichapishwa mwaka 1963, na mtu wa kwenye kurasa zile ana hofu, ana uchovu, na anataka kuoa. Sura ilibadilika, lakini mtu wa kitabuni alirudi nyumbani.

Mbishi mjanja atakuuliza: Blofeld, adui mkuu wa Bond, alikutana naye uso kwa uso katika You Only Live Twice mwaka 1967, inakuwaje miaka miwili baadaye hamtambui? Jibu fupi litamaliza kazi. Katika vitabu mpangilio ni kinyume, hiki cha harusi kilitangulia na You Only Live Twice kikafuata mwaka 1964. Watengeneza filamu waligeuza foleni, lakini hadithi hawakuigeuza. Songa mbele.

Sasa chagua tukio la kumwonyesha. Wengi hukimbilia mbio za ski, na ni kweli zinatisha: Willy Bogner alizipiga picha akiwa mwenyewe juu ya ski, huku akiteleza kinyumenyume na kamera mikononi, na Johnny Jordan alining'inizwa chini ya helikopta ili apate mlima mzima. Peter Hunt alikuwa mhariri wa filamu za mwanzo kabla ya kupewa hii aiongoze, na mapigano anayakata kama mtu anayechanja kuni. Lakini ukimwonyesha mbishi mbio, atasifu theluji. Mwonyeshe mikono.

Bond amefungiwa kileleni, kwenye ngome ya Blofeld, ambayo ni mgahawa wa kweli unaozunguka juu ya mlima Schilthorn, Uswisi, mita 2,970 kutoka usawa wa bahari. Wamemtupa katika chumba cha mitambo ya magari ya waya. Magurudumu makubwa yanazunguka, kebo nene inapita imelowa grisi, na mlango wa kutokea ni lile tundu ambamo kebo inachomoza kwenda hewani. Hana kalamu inayotoa moto wala saa yenye msumeno. Anafanya nini? Anageuza mifuko ya suruali nje, anaipasua, anaivaa viganjani kama glavu. Kisha anaishika kebo na kutoka nje kwa mikono, chini yake hakuna kitu. Baridi inamkamata vidole, anateleza, anarudi, anajaribu tena. Mtazame uso. Lazenby hakujifunza kuigiza popote, kwa hiyo hajui kuficha. Unachokiona ni mtu anayehesabu vidole vyake.

Usizime hapo. Mwache mbishi aone na kinachofuata kijijini chini ya mlima. Ni Krismasi, watu wanacheza, taa kila mahali, na watu wa Blofeld wamejaa katikati ya umati. Mtu aliyevaa vazi la dubu mweupe anampiga picha, mwanga wa kamera unamrusha moyo. Bond anakwenda kukaa pembeni ya uwanja wa kuteleza kwenye barafu, ameinua kola, ameinamisha kichwa, amekwisha. Ndipo viatu vya kutelezea vinasimama mbele yake. Anainua macho taratibu, kama anayeogopa atakachokiona, na ni Tracy, yule mwanamke wa ufukweni, Diana Rigg.

Hapa ndipo ninapoweka dau langu lote. Bond wa Connery asingekaa pale. Angetafuta kinywaji, angetafuta mlango wa nyuma, angetoa utani. Huyu anakaa kwa sababu miguu imekataa, na mwanamke ndiye anayemtoa: anashika usukani wa gari, anapita katikati ya mashindano ya magari kwenye barafu huku anacheka. Katika filamu nzima Rigg ndiye mwigizaji mkubwa, na aliyeongoza alijua hivyo. Alimpa mwigizaji bora nafasi ya kumwokoa mgeni, na mgeni akakubali kuokolewa mbele ya dunia nzima. Steringi wangapi wamekubali hilo?

Kuna mtego mmoja wa kuukwepa. Mbishi akiona anashindwa, atakimbilia mambo ya nje: kwamba Lazenby alipewa mkataba wa filamu saba akaukataa, kwa ushauri wa Ronan O'Rahilly, mwanzilishi wa Radio Caroline, aliyemwaminisha kuwa zama za Bond zimepita, kwamba alikuja kwenye onyesho la kwanza London, Desemba 1969, na ndevu na nywele ndefu, kwamba mwaka 1971 ikabidi Connery arudishwe kwa fedha nyingi. Yote ni kweli, na yote yalitokea nje ya skrini. Uamuzi mbaya wa kijana wa miaka thelathini haufuti dakika 142 alizokwisha kuziacha. Mrudishe kwenye filamu.

Kama hujaiona, wewe ishia hapa uende ukaitafute, kwa sababu ninalosema sasa halifai kuelezwa kabla.

Kwenye vibanda vya video tulikua na sheria moja: steringi hafi. Aangushwe ghorofani, azamishwe, apigwe risasi ya bega, atainuka. Sheria hiyo ilitufanya tulale. Filamu hii inaitii na bado inakuvunja, maana risasi inampita steringi na kumkuta bibi harusi. Bond na Tracy wamefunga ndoa, gari limepambwa, wanasimama barabarani kuondoa maua. Gari lingine linapita kasi, Blofeld kwenye usukani, msaidizi wake Irma Bunt na bunduki. Bond anaruka kitini, tayari kuwafukuza, anageuka kumwambia mkewe. Askari wa pikipiki anasimama. Bond anamwambia kwa utaratibu kwamba hakuna haraka, mkewe anapumzika kidogo. Halafu anauficha uso wake kwa mkewe, na kamera inabaki kwenye kioo cha mbele chenye tundu la risasi.

Lazenby aliigiza mara ya kwanza akilia kweli. Hunt akataka irudiwe bila machozi, na hiyo ndiyo tuliyonayo: sauti kavu ya mtu ambaye habari bado haijamfika. Mwigizaji mzoefu angekuonyesha anavyoumia. Huyu hakuonyesha chochote, na ndiyo maana mpaka leo siwezi kuangalia dakika ile na mtu anayekula bisi.

Ukimaliza, kaa kimya. Usimwulize "unasemaje sasa?" Kama atabisha, atabisha kuhusu sauti ya Hilary Bray, na hiyo ulishamkubalia. Mwaka 1981 Roger Moore, katika For Your Eyes Only, anaanza kwa kuweka maua juu ya kaburi la Tracy, na jiwe limechongwa mwaka 1969. Mwonyeshe na hiyo, lakini wiki nyingine. Usiku huo mwache aende zake nyumbani.